Chaki Kwenye Mlango wa Tanuri

Glovu zangu nilizipoteza kwa mfupa.
Mfupa mdogo, wa kifundo cha kondoo,
wenye pande nne ambazo huku Altai
mtoto huzijua kabla ya herufi:
Farasi, Ngamia, Kondoo, Mbuzi.

Nilikuwa nimeurusha mara kumi
juu ya gunia tupu la makaa.
Farasi tano.
Nusu nzima! Nikajisemea: Gombodorj,
mfupa huu una kwato, na unakukimbilia wewe.
Puntsag, dereva wa lori la makaa,
akavuta ugoro, akapiga chafya, akaweka dau.
Nikarusha kumi nyingine mbele ya macho yake.
Farasi hakuonyesha hata mkia.

Akaondoka na glovu zangu za manyoya.
Nje, nyuzi thelathini chini ya sifuri;
ndani, mimi na koleo,
nimevaa soksi mikononi.

Narmandakh alikuwa darasa la sita.
Kitanda chake bwenini kilikuwa chini ya dirisha bovu,
na usingizi ukimkataa alishuka kwangu
kuchukua joto kama mtu anayekuja kudai deni lake.
Nikamsimulia. Pole hakunipa.
"Ulirusha mara ngapi kabla ya kuamini?"
"Kumi."
"Kumi ni uvumi," akasema,
akatoa mfukoni kipande cha chaki cha kuiba.

Basi tukaanza, usiku baada ya usiku,
mimi nalisha moto, yeye anarusha,
mistari inapanda kwenye mlango wa chuma.
Mwanzoni hesabu ilikuwa mlevi juu ya barafu:
mrusho mmoja unaisukuma huku,
wa pili unaiangusha kule.
Nikikohoa, naona kama imebadilika.
Mirusho hamsini: Farasi tisa.
Mia mbili: Farasi ishirini na saba.
Mlevi akapata ukuta wa kushika.

Usiku mmoja, baada ya mia saba,
Farasi akaja mara tatu mfululizo.
Niliruka, nikamwaga chai, nikapiga kelele
kwamba bahati imerudi na jamaa zake!
Narmandakh akagawanya, akafuta, akagawanya tena.
Hesabu ilikuwa imesogea kidogo tu,
kama ziwa lililotemewa mate.
"Zingekuja mwanzoni," akasema,
"ungeuza hata buti."

Nimesikia haba na haba hujaza kibaba.
Lakini hakuna aliyeniambia
kwamba kibaba kikijaa hutulia,
kwamba yale yanayotikisa kikombe
hayatikisi pipa.

Mrusho wa elfu ulianguka Mbuzi.
Farasi mia moja na kumi na nne kwa jumla.
Kumi na moja na ushei katika kila mia!
Na mimi, mtu mzima mwenye masharubu,
nilikuwa nimeweka glovu kwenye nusu.
Tulikaa kimya. Tanuri lilinguruma.
Akaniambia, huku akifunga skafu,
kwamba huo ni mfupa wetu mmoja tu;
wa kondoo mwingine unaweza kuwa na tabia zake,
na hata huu, tukianza upya,
labda utatupa mia na tano, labda mia na ishirini.
"Ila nusu," akasema, "hautatupa."

Machi, lori likarudi. Puntsag akashuka,
glovu zangu zimemkaa kama ngozi yake.
"Bado unampenda Farasi?"
"Safari hii," nikasema, "lolote ila Farasi."
Nikarusha kwa mkono wa mtu anayejua.

Farasi.

Alicheka hadi kofia ikamdondoka.
Narmandakh naye alicheka, msaliti yule,
amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Elfu moja inaujua mfupa,
haiujui mrusho huu.
Kisha akafuta machozi, akamgeukia dereva kwa adabu:
"Mjomba, mmoja si kitu. Mrushe mia mbili.
Kila Farasi akupe wewe pointi tatu,
kila asiye Farasi ampe yeye moja."

Puntsag akainama kuokota kofia.
Akauona mlango.
Akaisoma ile mistari, safu kwa safu,
midomo ikimchezacheza,
mpaka chini kabisa, karibu na majivu.

Kisha akavuta glovu zangu hadi kwenye viwiko,
akasema barabara ya mlimani inafungwa mapema,
akaenda kuwasha lori.